Chanjo ya Umutoni

Mzee Mbarushimana alikuja siku ya Jumapili, baada ya misa ya pili, amevaa koti lake la kuposea. Donatille alipoliona koti hilo mlangoni alijua kwamba mgeni hakuja kusalimia. Miaka miwili iliyopita koti hilohilo lilisimama katika ua huuhuu wa Mbugangari kumwomba Umutoni awe mke wa Protais, mpwa wa mzee. Na mtu mwenye akili zake halitoi koti la namna ile sandukuni kwa ajili ya kunywa chai.

"Karibu, muzehe. Keti. Umutoni analeta chai."

"Chai si lazima, Mama Umutoni. Kama bia iko, nitakunywa. Kama haiko, nitasema na koo kavu."

Bia haikuwamo. Donatille alitoa noti aliyokuwa ameiweka kando kwa mafuta ya kupikia, akatoka mwenyewe, na kitenge chake cha kanisani kiunoni, hadi duka la pembeni. Mwenye duka alimwuliza kama siku hizi amekuwa mnywaji. Aliporudi na chupa chini ya upande wa kitenge, alimkuta bintiye amesimama mbele ya mzee, kikombe cha chai mkononi, na mzee akitazama ukuta kana kwamba hakuna mtu aliyesimama pale.

Umutoni alikuwa na miaka ishirini na saba, mwenye uso wa duara na mikono yenye nguvu. Akili yake ilikwenda kwa mwendo wake yenyewe, ikitulia mahali ambapo akili za wengine hupita mbio. Shule aliiacha darasa la pili, baada ya mwalimu kuchoka naye. Mumewe, Protais, mbeba mizigo wa bandari ya Rubona, ambaye tangu harusi aliishi naye hapohapo kwa Donatille, alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa mtu mpole wa miaka thelathini, na tangu babaye afariki hakuwahi kununua hata viatu bila neno la mjomba wake.

"Bon," mzee alianza, baada ya kufuta povu midomoni. "Mimi sizunguki. Tulikuja hapa na ng'ombe, tukatoka na bibi. Sasa ni miaka mbili. Muti usiozaa, mwenye shamba anauliza. Donc, familia ilikaa, ikasema. Kijana atarudi kwetu, atatafutiwa mwingine."

"Mwingine wa nini?" Umutoni aliuliza.

Mzee alikuwa akimtazama Donatille, na Donatille alikuwa akitazama chupa.

"Mama, mwingine wa nini?"

"Nyamaza, binti yangu. Wakubwa wanasema."

"Mi pia ni mukubwa. Mi ni bibi ya Protais. Nilishika bendera."

Mzee alicheka hadi tumbo likatikisa vifungo vya koti. "Alishika bendera! Ile siku mama yako alikuwa anakufinya mugongo ili useme ndiyo."

Huo ulikuwa uongo, na wote wanne walijua. Siku ile ya ndoa ofisini, Umutoni aliishika bendera ya serikali kwa mkono wa kushoto, kama wafanyavyo maarusi wa Rwanda, akainua wa kulia, akasema ndiyo kabla afisa hajamaliza swali, kwa sauti iliyowachekesha hadi watu waliokuwa wakingoja vitambulisho nje. Lakini Protais aliinama kutazama viatu vyake, na Donatille akammiminia mgeni bia.

Umutoni aliweka kikombe chini. "Mi nataka Protais. Na nataka mutoto. Muganga anipime."

"Ona!" Mzee aligonga meza. "Hata huyu ametoa neno la akili. Apimwe. Karatasi ikisema anazaa, tutangoja tena mwaka moja. Ikisema hazai, kijana anarudi nyumbani, na hakuna kulia. Siku ya tatu, Jumatano, asubuhi. Nitakuwa pale mwenyewe, nisidanganywe."

"Mi siogopi muganga," Umutoni alimwambia, akipandisha mkono wa blauzi kwa fahari. "Nilichanjwa Ebola, sikulia. Ona, iko hapa."

Chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, ilionekana mistari miwili midogo, kama vijiti vya kibiriti vilivyolazwa chini ya shuka. Mzee hakujisumbua kutazama. Donatille alitazama, akaushusha upesi mkono wa blauzi ya bintiye.

Ebola haikuwamo katika mkono ule.

Miaka minne na nusu nyuma, wakati ugonjwa ulipokuwa ng'ambo ya mpaka na wachuuzi wakipangwa foleni kuchanjwa, Donatille, ambaye alikuwa akivusha mboga Goma kila siku ya Mungu, alimchukua bintiye hadi kituo cha afya akamwambia kwamba zamu yake imefika. Umutoni alikuwa ameona wivu kwa majuma mawili kwa sababu kila mtu alichanjwa isipokuwa yeye. Alinyoosha mkono akicheka. Vilivyoingia vilikuwa vijiti viwili vya kuzuia mimba, vya kukaa miaka mitano. Donatille alikuwa ameshuhudia jirani yake akizikwa, akiacha nyuma binti mwenye akili kama za Umutoni pamoja na wajukuu wawili ambao hakuna mwanamume aliyejitokeza kuitwa baba yao; watoto wale walikuwa wakila mabaki ya soko. Aliapa kwamba yeye hatakufa hivyo. Muuguzi wa siku zile hakuuliza sana. Karatasi ilihitaji dole gumba, na Donatille alilishika dole la bintiye akaligandamiza.

Kisha akaja Protais, mtu halali, mwenye ng'ombe wa mahari na bendera ya serikali. Hapo ndipo Donatille alipopaswa kusema. Alijiambia atasema baada ya harusi. Baada ya harusi akajiambia, kwa nini, na mtoto huyo atalelewa na nani kama si mimi, na magoti yangu haya? Hivyo akaamua kwa niaba ya watu wawili waliooana, mwezi baada ya mwezi, akimsikia Umutoni akilia chooni kila damu ilipokuja, na kila mara akienda kuchochea moto.

Siku ya Jumatatu alipanda basi dogo hadi Rubona, ambako Umutoni alikuwa akichambua samaki, ili amzuie asiende kupimwa.

Aliwakuta wanawake wa sambaza, dagaa wa ziwani, wameinama juu ya vichanja vya waya, samaki wametandazwa wakimeta kama misumari mipya. Umutoni alikuwa katikati. Vidole vyake vilikwenda kwa kasi ambayo Donatille hakuijua: wakubwa huku, wadogo kule, walioharibika kwenye ndoo. Mbele yake alisimama mwuza samaki aliyeitwa Régis, mwenye kofia nyeupe na mkoba wa ngozi, akijaribu bahati yake.

"Dada, weka na hii kidogo. Nani atajua?"

"Mi najua. Hii tumbo imeoza."

"Nitakupa Fanta."

"Leta. Nitakunywa Fanta, na samaki itabaki imeoza."

Wanawake walipasuka kwa kicheko. Mutesi, jirani yake wa kichanja, mama wa watoto wanne mwenye sauti ya kuitia mashua, alimpungia Régis mkono: "Sha, wewe nenda na mukoba yako! Huyu hahongwi. Hata Jean-Luc, mukubwa wetu, anamuuliza kwanza kabla ya kupima."

"Anamuuliza?" Donatille alisema.

"Ndiyo, mama. Amuulize nani mwingine? Sisi macho yetu iko kwa simu."

Donatille alimvuta bintiye kando, karibu na nyavu. Alikuwa amepanga maneno yake ndani ya basi, na sasa yalimtoka mengine.

"Siku ya tatu usiende. Sema umebadilisha mawazo. Muganga atakuumiza."

"Ataumiza?"

"Sana."

Umutoni alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, mikono yake ikinuka samaki, na mama yake, kama kawaida yake, alitaka kummalizia.

"Basi nitaumia," Umutoni akasema, akarudi kwenye kichanja.

Jumanne Donatille alikwenda kituo cha afya peke yake. Muuguzi wa zamani alikuwa amehamishwa. Mahali pake alikuwapo binti mmoja, Claudette, mwenye miwani na kitabu kikubwa cha mistari. Alifungua kurasa za nyuma, akaweka kidole.

"Jina lake iko hapa, mama. Vijiti viwili. Na hapa chini iko dole gumba. Ni ya nani?"

"Ni yake."

"Alijua anaweka dole kwa nini?"

Donatille alinyoosha kitenge chake magotini. "Binti yangu, wewe umesoma. Nisikilize. Kesho muambie chanjo yake imeisha siku, unaitoa. Hatajua kitu. Mimba itakuja, mume atabaki, muzehe atanyamaza. Hakuna mutu ataumia."

Claudette alitazama mlangoni. Ilikuwa dhahiri kwamba neno hilo lilimvutia, kwa maana lilikuwa rahisi, na nje walikuwapo wagonjwa arobaini.

"Hapana," alisema mwishowe. "Mukono ni wake. Nitamuuliza yeye."

"Hajui kuulizwa!"

"Nani alijaribu, mama?"

Donatille alisimama. Alitaka kumwambia mtoto huyu mwenye miwani kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Umutoni kutembea akiwa na miaka mitatu, kula kwa kijiko akiwa na sita, kuvuka barabara akiwa na kumi na tano. Kwamba alipigana na waliomwita mjinga, hata kwa mwiko. Yote hayo yalikuwa kweli. Akayameza, kwa sababu hayakuwa jibu la swali.

"Leo yote iko mbele yako," Claudette alisema, kwa sauti ya chini. "Muambie mwenyewe. Kesho nitamuambia mimi."

Alipofika nyumbani alimkuta Umutoni akipiga pasi gauni lake la bluu kwa ajili ya kesho yake, akiimba wimbo wa kwaya na kuruka maneno asiyoyajua. Donatille alisimama mlangoni mara tatu. Mara ya tatu aliuliza kama makaa ya pasi yanatosha.

Jumatano Mzee Mbarushimana alifika kituoni wa kwanza, na koti lake. Protais alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Claudette alipoita jina, wote walinyanyuka, naye akawazuia.

"Umutoni peke yake."

"Na mama," Umutoni alisema. "Mama anajua kusema."

Ndani, Claudette aliweka vijiti viwili vipya juu ya meza, akavuta kiti chake karibu, asiseme na mama bali na binti.

"Viwili kama hivi viko ndani ya mukono wako."

"Hapana. Ndani iko Ebola. Chanjo yake."

Muuguzi hakucheka. "Hivi vinazuia mimba. Vikiwa ndani, mutoto haji. Vikitoka, mutoto anaweza kuja, ao asije. Hiyo mi sijui. Sasa sema wewe, nisikie kama nimeeleza vizuri."

Umutoni alivigusa vile vijiti kwa ncha ya kidole, kama anavyogusa samaki asiyemwamini. "Vikiwa ndani, mutoto hapana. Vikitoka, labda."

"Ni hivyo."

Umutoni akageuka. Siku zote aligeuka kumtazama mama yake kabla ya kujibu watu. Safari hii aligeuka ili amwulize.

"Mama, muganga anasema uongo?"

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na Donatille alikuwa amefika mwisho wa yake. Mbele palikuwa na uso wa mtoto wake tu.

"Hapana. Anasema kweli."

"Na Ebola?"

"Haikuwa Ebola."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku muzehe aliniita muti, ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa nalia chooni?"

Donatille alitikisa kichwa kukubali. Nje mtoto mchanga alikuwa akilia kwenye mizani.

"Ile wakati sikuwa na Protais," Umutoni alisema polepole, akilitafuta kila neno mahali lilipo. "Niliogopa wanaume ya soko. Ungeniuliza, mama. Ningekubali."

Neno hilo lilimwingia Donatille kuliko matusi yoyote ambayo angeweza kutukanwa. Claudette akaeleza: vinaweza kutolewa leo, vinaweza kubaki hadi mwisho wa muda wake, au aende nyumbani afikiri kwanza, hakuna atakayemfukuza.

"Vitoe," Umutoni alisema. "Na mama atoke nje."

Donatille alitoka. Aliketi kwenye benchi kando ya mzee, ambaye alimwuliza kama kazi imekwisha, naye akaanza kukunja ncha ya kitenge chake.

Baada ya nusu saa Umutoni alitokea, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Mzee alinyoosha kiganja. "Karatasi."

"Karatasi ni yake," Claudette alisema kutoka mlangoni. "Akitaka kusema, atasema."

Na Umutoni alisema yote, kwa sauti yake kubwa, mbele ya akina mama wa kliniki na watoto wao, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kuficha. Mafunzo ya kuficha yalikuwa ya mama yake peke yake. "Mi si muti. Vijiti vilikuwa ndani ya mukono. Mama aliweka, akasema Ebola. Sasa vimetoka. Labda mutoto atakuja."

Mzee alichukua muda kuyapanga maneno hayo. Yalipokwisha kupangika, hakumgeukia Umutoni bali Donatille, na hasira yake ilikuwa tulivu, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Tulipokuja kuposa, ulijua."

"Nilijua, muzehe."

"Ukapokea ng'ombe. Ukatupa mwanamke aliyefungwa kama mulango, na ufunguo ukabaki kwako. Mimi nimelaumu huyu mutoto miaka mbili." Alivaa kofia yake. "Nyumba isiyo na neno la kweli, hatuoi ndani yake. Hata akizaa kumi. Protais, twende."

Mwanamke mmoja kwenye foleni alimwita Mungu wake, "Mana yanje!" na mwingine akamfunika mtoto wake masikio, kisha wote wawili wakamtazama Donatille kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Protais," Umutoni aliita. "We unataka nini?"

Protais alisimama. Alimtazama mjomba wake. "Muzehe amesema..."

"Siulizi muzehe. Nauliza we."

Midomo ya Protais ilitikisika. Huenda lilikuwako neno. Donatille aliapa baadaye kwamba aliliona likifika kwenye meno. Lakini mzee alikuwa amekwisha kusimamisha pikipiki mbili, na Protais, ambaye katika miaka thelathini hakuna aliyemwuliza swali hilo na kungoja jibu, alishindwa kulijibu kwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi namna ile. Alipanda. Pikipiki ziliondoka kuelekea ziwani. Umutoni alizitazama hadi vumbi likatua, kisha akavuka barabara bila kumshika mtu mkono.

Nyumbani alikunja magauni mawili, sweta na kitabu cha nyimbo ambacho hakuweza kukisoma, akavitia ndani ya mfuko wa unga.

"Unaenda wapi?" Donatille aliuliza.

"Rubona. Kwa Mutesi."

"Mutesi ana watoto wanne na chumba kimoja! Nani atakupikia?"

"Najua kupika ugali."

"Unaunguza. Nani atakushikia pesa yako? Nani atakujibia watu wakikuuliza kitu?"

Umutoni alifunga mdomo wa mfuko kwa kamba, fundo moja, fundo la pili. Donatille alitaka kumfungulia na kulifunga upya kwa namna iliyo bora, na mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka alipouona. Akaurudisha. Akasema kwamba mtu hasafiri na njaa, atapasha maharage, na wakila wataongea vizuri kama mtu na mama yake.

Alikwenda jikoni akapuliza moto. Maharage yalipochemka aliita. Aliita tena. Aliporudi chumbani, mfuko haukuwapo, na mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Alhamisi, saa mbili ya asubuhi, simu ililia. Alikuwa Jean-Luc, msimamizi wa ushirika wa sambaza, mtu wa heshima ambaye Donatille alimjua tangu siku za kuuza mboga Goma.

"Mama Umutoni, bonjour. Binti yako iko hapa. Anasema atakaa kwa Mutesi, na kazi ataendelea. Mi nikasema hapana, kwanza nisikie mama yake. Bila neno lako siwezi, unaelewa. Ukisema arudi, namuweka kwa basi sasa hivi."

Donatille alikaa kitandani. Neno lilikuwa moja tu, jepesi, na watu wote wangelisifu: wangesema mama amemrudisha mtoto wake nyumbani, na nani asiyejua mtoto mwenyewe alivyo. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa tangu jana. Alijua kwamba akilitamka, Umutoni atapandishwa basi, atashushwa Mbugangari, na hakuna atakayeona ajabu.

"Umemuuliza yeye?" alisema.

"Nimemuuliza. Anasema hataki kurudi. Lakini unajua, mama, hawa watu..."

"Sasa mimi unaniuliza nini, Jean-Luc?"

Upande wa pili zilisikika sauti za wanawake wakipigana mizaha juu ya vichanja, na katikati yao, kubwa kuliko zote, sauti ikisema hapana, hii imeoza, toa.

"Bon," Jean-Luc alisema, amechanganyikiwa. "Basi atabaki. Nilifikiri mumekosana. Alikuaga vizuri, lakini?"

Uongo mdogo ungelimtosha, na ungelimstahi. Ulikuwa karibu, kwenye ncha ya ulimi, mahali ulipozoea kukaa.

"Hapana," Donatille alisema. "Hakuniaga."